Mshumaa wa Pasaka kwa nta ya Tabora: kuanzia kwenye masega hadi Mbiu ya Pasaka

Parokia nyingi za Tabora na Kigoma zimezungukwa na misitu ya miombo yenye mizinga, lakini Jumamosi Kuu inapofika zinabeba mshumaa wa parafini ulioagizwa kutoka mbali. Nyingine zinabeba kitu kibaya zaidi: bomba lililopakwa rangi nyeupe, juu yake kikopo cha mafuta ya taa chenye utambi. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka yanasema wazi kwamba mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, uwe mpya kila mwaka, uwe mmoja tu, uwe mkubwa wa kutosha, na usiwe wa kuigiza. Sababu ni kwamba usiku ule Kanisa linasema kwa vitu: moto, mwanga, maji, mafuta. Kitu cha bandia kinasema maneno ya bandia. Na Mbiu ya Pasaka yenyewe, ule wimbo mrefu unaoimbwa mbele ya mshumaa, inawataja nyuki na kazi yao. Kwa mtu wa Sikonge au Urambo hiyo si habari ya mbali.

Mwongozo huu ni wa katekista, mtunza sakristia, mwenyekiti wa kamati ya liturujia na mwalimu wa kwaya. Unaanza na nta, unaendelea hadi mkesha wenyewe, na kila kifaa na kila tendo limeitwa kwa jina linalotumika sakristia, yaani chumba cha kuandalia vifaa vya ibada.

Kupata nta na kuisafisha

Nunueni nta wakati wa kiangazi, msimu mkubwa wa kurina, siyo Kwaresima. Mwezi wa tatu mvua zinanyesha, wafugaji nyuki wengi hawana kitu, na atakayekuwa nayo atawauzia ya kuchakachua. Nta safi ikivunjwa ikiwa baridi huonyesha sura ya chengachenga isiyong'aa. Ukiitafuna husagika bila kung'ang'ania meno. Ikiteleza mkononi na kuacha mafuta, imechanganywa na mafuta ya mnyama. Ikiwa inapitisha mwanga na haina harufu ya asali, kuna parafini ndani.

Kipimo: mshumaa wenye kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa sentimita 60 unakula kilo 2.2 za nta safi. Ongezeni gramu 300 za kipande cha majaribio, pamoja na zitakazopotea kwenye kuchuja. Kwa hiyo tafuteni kilo 3 za nta ambayo tayari imeyeyushwa mara moja kuwa donge. Mkinunua masega mabichi hesabu hiyo haifanyi kazi, maana masega meusi ya zamani hutoa nta kidogo mno.

Kusafisha ni hivi. Weka nta kwenye sufuria ya alumini pamoja na maji ya mvua yanayofikia theluthi ya sufuria. Sufuria ya chuma inayoshika kutu huipa nta rangi ya kahawia isiyotoka, na maji ya kisima yenye chumvichumvi huifanya iwe kama uji wa kijivu. Tumia moto mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, usiiache ichemke. Ikishayeyuka yote, ichuje kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya moto, uimimine kwenye chombo kingine, kisha funika na uzungushie blanketi ili ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utatoa donge, na chini yake kuna mashapo meusi: yakwangue kwa kisu hadi uone njano safi. Rudia mara ya pili. Mara ya tatu huwa haina faida kubwa.

Katika kuyeyusha kwa ajili ya kumimina hakuna tena maji ndani ya nta. Hapo nta inakaa kwenye sufuria ndogo, nayo sufuria ndogo inakaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Usiiweke nta juu ya moto moja kwa moja hata kwa dakika chache. Ikipata joto kali inashika moto kama mafuta. Ikishika, funika kwa mfuniko na uondoe jiko. Usimwagie maji, yatarusha nta inayowaka kila upande.

Utambi ndio unaoamua kila kitu

Mishumaa mingi inayotengenezwa parokiani hushindwa hapa. Nta ya nyuki ni nzito kunyonywa kuliko parafini, hivyo utambi uliotolewa kwenye mshumaa wa dukani ni mwembamba mno: mwali unachimba kishimo, unazama kwenye nta yake mwenyewe na kuzimika katikati ya Mbiu. Ukiwa mnene mno, mwali unakuwa mrefu, unatoa moshi na nta inachuruzika hadi kwenye tarakimu za mwaka.

Tumia uzi wa pamba tupu. Uchome ncha: pamba huacha majivu, nailoni hujikunja kuwa kidonge kigumu. Suka nyuzi kwa msuko wa kukaza hadi upate unene wa milimita 3 hadi 4. Tumbukiza msuko kwenye nta ya moto na uuache mpaka viputo vya hewa viishe kutoka, kisha uvute unyooke na uutundike ukauke.

Sasa mimina kipande cha majaribio chenye kipenyo kilekile cha sentimita 7, urefu sentimita 8. Kiwashe mahali pasipo upepo kwa saa 3. Ukikuta dimbwi la nta limeenea na kuacha ukuta wa kama sentimita 1 pembeni, utambi wako ni sahihi. Dimbwi likiwa dogo na mwali umedidimia, ongeza nyuzi. Ukuta ukiyeyuka na kubomoka, punguza. Watu hupenda kuruka hatua hii kwa sababu inakula siku nzima. Msiiruke.

Kalibu na kumimina

Kabla ya kukata chochote, pimeni tundu la kinara. Inasikitisha kuona mshumaa mzuri ukichongwa kwa panga saa 12 jioni ya Jumamosi Kuu kwa sababu hauingii.

Kalibu rahisi ni bomba la plastiki la maji taka la inchi 3, lililokatwa urefu wa sentimita 65. Lipasue kwa msumeno kutoka juu hadi chini upande mmoja, kisha lifunge tena kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kamba za mpira kila baada ya sentimita 10. Huo mpasuko ndio utakaokuwezesha kutoa mshumaa bila kuuvunja. Paka ndani mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa. Simamisha bomba juu ya ubao uliotobolewa katikati, pitisha utambi kwenye tundu, piga fundo chini, ziba kingo zote kwa udongo wa mfinyanzi. Juu weka msumari mrefu kukingama mdomo wa bomba na ufunge utambi ukiwa umekaza katikati kabisa. Utambi ukipinda sentimita 1 tu, mshumaa utaungua upande mmoja mwaka mzima.

Bomba hili hulegea likipata joto karibu na nyuzi 80, kwa hiyo mimina nta ikiwa kwenye nyuzi 68 hadi 70. Bila kipimajoto, subiri uone utando mwembamba unaanza kujikusanya pembeni mwa sufuria, hapo ndipo. Mimina kwa mfululizo bila kusimama, ukielekeza nta kwenye ukuta wa bomba, siyo kutoka juu kwenda katikati, ili usiingize hewa. Acha nta kidogo kwenye sufuria ikiwa ya moto. Baada ya kama saa moja utaona shimo linajitengeneza kuuzunguka utambi, maana nta hunywea inapopoa. Litoboe kwa kijiti na ulijaze. Rudia mpaka libaki sawa.

Zungushia bomba blanketi na uliache hadi kesho yake. Mshumaa uliopozwa kwa haraka, hasa kwa maji, hupata nyufa za mzunguko, na ufa wa namna hiyo hufunguka siku unapobebwa kwenye maandamano.

Alama

Katikati ya mshumaa, sehemu ambayo padri akiushika bado inaonekana, chora kwa penseli msalaba, juu yake herufi Alfa, chini yake Omega, na katika pembe nne za msalaba tarakimu nne za mwaka: ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Chimba mistari kwa ncha ya kisu, lakini kwa kina kidogo tu. Kwenye mkesha padri mwenyewe atapita juu ya mistari hiyo akitamka maneno ya Misale (kitabu cha sala za Misa), nayo inapaswa kubaki na kitu cha kuchonga. Ukitaka rangi, changanya nta kidogo na kalamu nyekundu ya nta ya watoto, uijaze kwenye mistari na kukwangua iliyozidi. Mapambo mengine ya maua na njiwa yasimeze msalaba.

Punje tano za ubani huchomekwa katika umbo la msalaba kwa mpangilio huu: ya 1 juu, ya 2 katikati, ya 3 chini, ya 4 kushoto, ya 5 kulia. Zinakumbuka madonda matano ya Kristu. Chagua punje kubwa, zifunike kwa nta nyekundu kwenye vichwa vya misumari midogo mitano, na utoboe matundu mapema kwa msumari uliopashwa moto. Kuchomeka msumari kwenye nta ngumu bila tundu hupasua mshumaa.

Saa ya kuanza: msinakili ratiba ya Dar es Salaam

Mkesha wote ufanyike usiku: uanze giza likiwa limeingia na umalizike kabla ya mapambazuko ya Dominika. Mwanzoni mwa Aprili, Dar es Salaam jua limezama saa 12 na nusu jioni. Tabora linazama karibu saa 1, na Kigoma dakika chache baada ya saa 1, yaani kama dakika 40 nyuma ya Dar. Giza kamili linahitaji dakika nyingine 45 au zaidi. Kwa hiyo saa 1 usiku, ambayo pwani ni giza, Ujiji bado unamwona mwenzako sura. Tabora pangeni saa 2 usiku, Kigoma saa 2 na robo. Mwezi nao huenda ukawa umeshatoka, maana Pasaka huja Dominika inayofuata mwezi mpevu. Kama hakuna mawingu, wekeni moto upande wenye kivuli cha jengo. (Majirani zetu Wamoravian hukutana makaburini alfajiri ya Pasaka, wanaolala kanisani baada ya mkesha mara nyingi huamshwa na tarumbeta zao.)

Moto mpya na maandamano

Aprili ni mvua. Kuni zikauke sakristiani tangu Dominika ya Matawi, na muwe na karai kubwa lenye mchanga la kuwashia moto barazani endapo mvua itashuka. Moto uwe moto kweli, wa kuwaangaza watu waliosimama kuuzunguka. Makaa mawili kwenye jiko la mkaa hayatoshi. Pembeni mwa moto andaa meza ndogo yenye Misale, punje tano, kisu cha kuchonga, koleo la makaa, chetezo (cha kufukizia ubani) na chombo cha ubani, pamoja na kijiti kirefu cha kupeleka mwali kwenye mshumaa. Msiwashe mshumaa siku moja kabla ili "kuufungua". Hakikisheni tu ncha ya utambi imebaki sentimita 1 na imelowa nta.

Jambo la kulinda: mwanga wote wa usiku ule utoke kwenye moto uliobarikiwa. Upepo wa ziwani Kigoma huzima mshumaa njiani mara nyingi, na mtu wa karibu hutoa kibiriti mfukoni. Badala yake, washa taa ya chemli kutoka kwenye moto uleule na mtumishi wa altare aibebe nyuma kabisa, mwanga umepunguzwa. Mshumaa ukizimika, unawashwa kwa hiyo.

Taa zote za kanisa zizimwe, na mtu mmoja, siyo watatu, akabidhiwe swichi kuu. Simu ziwekwe mfukoni: tangazo hilo litolewe kabla ya moto, kwa sababu baada ya hapo hakuna nafasi. Shemasi, au mhudumu mwingine anayefaa kama hakuna shemasi, anasimama mlangoni na kuinua mshumaa akiimba "Mwanga wa Kristu", watu wanaitikia "Tumshukuru Mungu". Padri anawasha mshumaa wake. Mara ya pili ni katikati ya kanisa: hapo watu wote wanapashana mwanga. Mara ya tatu ni mbele ya altare, akiwageukia watu. Kila mara sauti inapanda. Kisha mshumaa unawekwa kwenye kinara karibu na mimbari au katikati ya patakatifu, na taa za kanisa zinawashwa. Mishumaa ya altare bado. Hiyo inasubiri wimbo wa "Utukufu".

Mishumaa ya waamini haihitaji kuwa mikubwa. Yenye unene wa sentimita 1.2 na urefu wa sentimita 15 inakula gramu 16 kila mmoja, yaani watu 200 ni kilo 3.2 za nta. Kila mshumaa upitishwe kwenye kipande cha boksi kukinga mkono. Mfundishe watu mapema kwamba mshumaa usiowashwa ndio unaoinamishwa. Uliowaka unabaki wima. Kinyume chake ni nta kwenye nywele za mtoto wa mbele.

Mbiu na masomo

Mbiu ya Pasaka huimbwa watu wote wakiwa wamesimama na mishumaa inayowaka. Shemasi asipokuwepo, padri anaweza kuiimba, au mwimbaji mlei. Mlei anaacha "Bwana awe nanyi" na sehemu zilizotengwa kwa mhudumu mwenye daraja, na Misale imeziwekea alama. Anayeiimba aanze mazoezi mwanzoni mwa Kwaresima. Haiimbwi kwa kusoma papo hapo.

Baada ya Mbiu watu wanazima mishumaa na kuketi. Masomo ni 9: saba ya Agano la Kale, Waraka na Injili. Mpangilio wa yale saba, kila moja na wimbo wake wa katikati:

Mwanzo 1:1–2:2, Zaburi 104 au 33
Mwanzo 22:1–18, Zaburi 16
Kutoka 14:15–15:1, wimbo wa Kutoka 15
Isaya 54:5–14, Zaburi 30
Isaya 55:1–11, wimbo wa Isaya 12
Baruku 3:9–15, 32–4:4, Zaburi 19
Ezekieli 36:16–28, Zaburi 42 na 43

Baada ya kila wimbo wa katikati watu wanasimama, padri anasema "Tuombe", kimya kidogo, kisha sala. Pakiwa na sababu za kichungaji masomo ya Agano la Kale yanaweza kupunguzwa hadi matatu, lakini lile la Kutoka 14 haliachwi kamwe. Uchovu wa kwaya si sababu ya kichungaji.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni msomaji wa Baruku kufungua Biblia isiyo na vitabu vya Deuterokanoni (vile ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina) na kukosa ukurasa. Wasomaji wote watumie Kitabu cha Masomo kilichopo mimbarini. La pili ni mwisho wa somo la Kutoka. Msomaji hasemi "Neno la Bwana". Wimbo unadakwa palepale, hivyo kwaya iwe imeshasimama mistari miwili kabla.

Baada ya sala ya Ezekieli ndipo mishumaa ya altare inawashwa, padri anaanzisha "Utukufu kwa Mungu juu", na kengele zinapigwa. Unafuata Waraka kwa Warumi 6:3–11, kisha Aleluya iliyokaa kimya Kwaresima nzima: inaanzishwa mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na watu wanarudia. Mwanzishaji akianza juu mno, ya tatu hatakuja kuifikia. Kwenye Injili hubebwa ubani tu, bila mishumaa. Kujua Injili ipi: mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki ni mwaka C (Luka 24:1–12), ukibaki 1 ni mwaka A (Mathayo 28:1–10), ukibaki 2 ni mwaka B (Marko 16:1–7).

Maji

Chombo cha maji kiwe kipana na chenye kina, lita 30 hadi 40, na kisafishwe kisiwe na harufu ya sabuni. Wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na wasimamizi wao wanaitwa kwa majina, kwa hiyo orodha iwe mkononi mwa katekista, siyo sakristiani. Litania ya Watakatifu inaimbwa watu wakiwa wamesimama, tofauti na siku nyingine, kwa sababu ni kipindi cha Pasaka. Ongezeni mtakatifu msimamizi wa parokia na wasimamizi wa wanaobatizwa.

Katika kubariki maji padri anaweza kushusha mshumaa majini mara moja au mara tatu. Ni kitako ndicho kinachoingia, na kilo mbili zenye mwali juu si kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja. Shemasi au mtumishi mkubwa asaidie, na taulo kavu liwe karibu kabla ya kuurudisha kinarani. Mezani kuwe na mafuta ya Krisma, mavazi meupe, na mshumaa wa kila mbatizwa, ambao msimamizi anauwasha kutoka kwenye ule wa Pasaka. Kisha waamini wote wanawasha tena mishumaa yao, wanarudia ahadi za ubatizo, wananyunyiziwa maji. Nasadiki haisemwi usiku huo.

Kuutunza mwaka mzima

Mshumaa unakaa patakatifu siku 50, unawaka katika maadhimisho hadi Pentekoste. Baada ya hapo unahamia kwenye kisima cha ubatizo, na unawashwa kwenye ubatizo na kusimamishwa karibu na jeneza kwenye Misa ya mazishi. Kila ukizimwa, kata utambi ubaki sentimita 1 na urudishe kingo za nta ndani zikiwa bado laini. Ukungu mweupe unaojitokeza juu yake si uchafu wala dalili ya kuchakachua. Nta safi hufanya hivyo, na kitambaa chenye vuguvugu kinautoa. Hatari kubwa ni sakristia yenye bati bila dari. Septemba na Oktoba, joto la Tabora linatosha kuupinda mshumaa uliosimama. Ukiwa hauna kazi, uufunge kwa kitambaa cha pamba na uulaze juu ya ubao ulionyooka, chini, karibu na sakafu ya saruji.